Jina la Wimbo wa Kipanga

Maneno yenyewe yalianzia dukani kwa Don Eder, pale kona, kati ya friji ya bia na gunia la mchele. Yalisema binti yangu Yuranis amewauzia watu wa Ngurumo, maadui zetu, jina la wimbo wa mjomba wake. Niliyasikia nikinunua jibini, nikayakataa mbele za watu, nikaondoka. Yakanifuata. Nikifua yapo, nikikaanga yapo, nikipiga goti kanisani yamekaa benchi la nyuma yananisubiri tutoke wote.

Na wiki iliyopita, mnakumbuka, niliwaacha na kaka yangu Wilfrido kwenye kizingiti cha nyumba yangu, wembe mkononi, jasho linamtiririka, na Yuranis chumbani anaongea na watu wa tamasha kwenye kompyuta. Mmeniandikia wengi. Mama mmoja wa Soledad anauliza kama polisi walifika. Mwingine anasema yeye angemwaga maji ya moto. Poleni kwa kukaa roho juu. Wembe ule haukuja kumkata mtu.

Kwa aliyenunua gazeti leo tu, nieleze upesi. Wilfrido ana piko, ile mashine ya muziki kubwa kama kabati la bibi harusi, spika tupu mbele, picha ya rangi kali usoni. Jumapili hutolewa barabarani na mtaa wetu wote wa Rebolo hucheza mbele yake. Piko lake linaitwa Kipanga. La adui yake, Abelardo Pertuz, linaitwa Ngurumo.

Piko hupata heshima kwa wimbo lililo nao peke yake, ambao mwingine mjini hana. Ndiyo maana mwenye piko akipata santuri kutoka Afrika, kabla hata ya kuisikiliza anashika wembe na kukwangua lebo, jina la wimbo na la mwimbaji litoke, mpelelezi wa adui akichungulia aone plastiki tupu. Na wimbo ukipigwa, mwenyewe anapaza sauti juu yake kwenye kipaza sauti, "Kipanga, Kipanga wa Rebolo, mwenye wivu akalale," ili anayeurekodi kwa siri aondoke na makelele hayo ndani yake.

Yuranis ametengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu mjomba wake na Kipanga. Kaitengeneza kwa simu, kwa kompyuta ya kuazima, na kwa kunikosesha raha. Ikakubaliwa kwenye tamasha la mtandaoni, lile lisilo na ukumbi wala zulia, ambalo wasio na kampuni nyuma yao hupeleka filamu zao, ndefu na fupi, na podikasti zao, na kila mtu hutazama akiwa kwake. Ilikuwa ifunguliwe Ijumaa saa sita mchana. Ila tamasha lilitaka jina la wimbo mmoja uliomo ndani yake, na mwenye wimbo aseme ameruhusu. Bila hivyo haifunguliwi.

Haya, turudi kizingitini.

Wilfrido alinipita kama mimi pazia. Akaingia chumbani kwa Yuranis, akaweka wembe juu ya meza, karibu na kompyuta, taratibu, kama anayelipa.

"Shika," akamwambia. "Mimi nilikwangua santuri yangu kwa mkono wangu. Na wewe kwangua filamu yako, hapo ninapotokea na huo wimbo."

"Mjomba, filamu haikwanguliwi kwa wembe."

"Basi kwa hicho unachotumia."

Kwenye kompyuta alikuwepo Constanza Urrego, mratibu wa tamasha, msichana wa Bogotá, amevaa sweta huku sisi tunayeyuka. Alikuwa amesikia yote. Akamsalimu Wilfrido kwa adabu, akasema filamu ameitazama mara nyingi na kila mara inamgusa, na kwamba kinachohitajika ni jina tu.

Wilfrido akainamia kioo. "Binti," akasema, "wewe jina la mama yako unampa kila anayepiga hodi?"

"Mama yangu anaitwa Gladys," Constanza akajibu.

Wilfrido akavua kofia yake, akaifunika kompyuta.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yuranis aliiondoa kofia, Wilfrido akairudisha, Constanza akawa anaonekana na kupotea kama mwezi wa mawingu. Yuranis akamwambia mjomba wake kwamba sehemu ile ndiyo filamu. Ni Jumapili, watu wanacheza, Kipanga anapiga ule wimbo, na Wilfrido, ambaye hakutoa chozi tulipomzika mama yetu, amelishika kabati kwa mikono miwili na analia. Ukiitoa hiyo, alisema, kilichobaki ni wanaume wanabeba nyaya.

Wilfrido akasema yeye hakulia, lilikuwa jasho.

Nikaingilia. Nikamwomba kaka yangu ataje jina, amalize. Limekuwa kwake maisha yote, sasa lina faida gani, Abelardo mwenyewe ana kisukari na Ngurumo analala chini ya turubai. Kaka yangu akavaa kofia, akainua kidevu, akasema jina hilo atazikwa nalo. Akatoka. Wembe akauacha.

Nami nikabaki na hasira za watu wawili ndani ya nyumba moja yenye feni moja.

Siku ile yote tulipigana na kiboksi. Kwenye ukurasa wa tamasha kuna kiboksi kinachoandikwa jina la wimbo, na hakikubali kuachwa kitupu. Yuranis akaandika kwamba jina halijulikani. Kikawa chekundu. Akaandika Wimbo wa Kipanga. Kikakubali, tukashangilia, tukanywa maji ya barafu, na kabla hatujaweka bilauri chini simu ikalia: mwanasheria wa tamasha amelikataa jina hilo. Constanza akasema yeye anatuamini, mwanasheria ndiye haamini. Nikamuuliza kama mwanasheria ana mama. Akasema hajui, yuko likizo, anajibu kwa maandishi.

Nyie mnaokaa maofisini mmezoea. Mimi nilitamani kulipata dirisha, hata kama nyuma yake kuna karani mwenye kiburi, nigonge kioo, nimwoneshe sura yangu. Tamasha la mtandaoni halina dirisha. Unakasirikia ukuta wa nyumba yako mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Constanza alituletea njia. Kama Yuranis ataukata ule wimbo na kutuma filamu upya kabla ya saa kumi na moja jioni, itafunguliwa bila swali. Nikamwambia mwanangu akate. Nilimwambia kama mama anavyosema, kwa sauti ya kupendekeza ambayo si ya kupendekeza.

"Hata wewe, mama?" akasema.

Hata mimi. Alikata analia, anafuta kamasi kwa mkono na kuendelea. Mchana filamu ikawa fupi na safi na haina maana yoyote, hata mimi niliona. Wanaume wanabeba nyaya. Akaanza kuituma.

Sasa kutuma filamu kutoka Rebolo alasiri ya joto ni kama kumnywesha tembo maji kwa kijiko. Laini ya mtandao tunagawana na majirani watatu. Nikatoka mlango kwa mlango kuwasihi wasitumie kitu. Wawili wakakubali. Doña Nubis, shoga yangu wa miaka, akaniambia naye ana jambo lake: tamthilia yake anaitazama kwenye simu na leo ndiyo siku yule msichana anamjua baba yake.

"Ni mwenye shamba," nikamwambia. "Kila mtu anajua ni mwenye shamba."

Hakuniaga. Alifunga mlango, lakini alizima simu.

Mstari wa kuonyesha filamu inavyotumwa ukaenda, ukaenda. Yuranis hakupumua. Mimi nilisimama nyuma yake na kipande cha boksi nampepea, maana feni tuliizima tusije tukazidisha umeme. Ulikuwa umebaki upana wa ukucha. Wa kidole kidogo.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, kama timu imekosa penalti. Mahali pengine Doña Nubis alicheka, na mpaka leo anasema hakucheka.

Uliporudi, saa kumi na moja ilikuwa imepita. Constanza akasema mfumo unajifunga wenyewe, yeye hawezi kuufungua, anasikitika mno. Iliyobaki pale ni ile filamu ya kwanza, yenye wimbo, inayodai jina. Msichana wa watu alikuwa mpole hata nikazidi kukasirika, maana mtu mpole humpati pa kumshika.

Yuranis akalala akaugeukia ukuta. Akasema hatagusa tena kamera. Atamfuata rafiki yake Leidis kule Chile, akaogeshe wazee wa watu, angalau wao watamwambia majina yao.

Nilifunga soseji mbili kwenye jani pamoja na andazi la mahindi, nikaenda kwa Wilfrido kabla jua halijazama.

Kaka yangu alikuwa kwenye kibanda anachomhifadhi Kipanga, amepiga magoti nyuma ya kabati, bisibisi mkononi. Nikamwambia kuna chakula. Akasema kiweke hapo. Nikakaa juu ya kreti ya bia, na nikaamua siondoki.

"Nitajie mimi," nikamwambia. "Mimi ni wa tumbo moja na wewe, kaka. Nitaliandika kwenye kile kiboksi nimefumba macho."

Bisibisi ikaendelea kuzunguka.

"Mira, niache."

"Sikuachi. Mtoto amelala anatazama ukuta."

Bisibisi ikasimama. Njia ya pili mtu wa maembe alikuwa anapita, ananadi.

"Silijui," akasema.

Nikadhani ananikwepa kama kawaida yake. Nikaanza kumfokea. Akatoa kichwa nyuma ya kabati, na ule uso sikuwa nimewahi kuuona, wala utotoni tulipovunja sanamu ya mtakatifu.

"Silijui jina, Mira. Sijalijua tangu wiki ile ile niliyoipata santuri."

Ilikuwa hivi. Santuri ile alipokezwa uwanja wa ndege na mtu aliyetoka Paris. Akapanda teksi kurudi nyumbani, na dereva, alipomtazama vizuri, ni binamu wa Abelardo Pertuz, macho yote kwenye kioo cha nyuma, barabara ameisahau. Wilfrido hakungoja. Akatoa wembe mfukoni, akaiweka santuri gotini, akakwangua upande huu, akageuza, akakwangua na ule, makaratasi akayatupa dirishani kidogo kidogo mpaka Rebolo.

"Ulisoma kwanza?" nikamuuliza.

"Nilisoma. Lilikuwa refu, la kwao huko, tamu mdomoni. Nikasema hili siwezi kulisahau." Akaitazama bisibisi. "Nikafika nyumbani, tukauweka, mtaa ukajaa, tukacheza mpaka polisi wakaja, nao wakacheza. Asubuhi nikalitafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo. Halikuwepo."

"Na Abelardo alipokuja hapa na mkewe, akakuomba jina kwa heshima, ukamfukuza watu wanakupigia makofi?"

"Ningempa nini?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kwa ile soseji. Watu wamemsifu kaka yangu kwa ugumu wa mdomo tangu nina meno yangu yote. Wanaume wamewaambia watoto wao, kuwa kama Wilfrido, siri haitoki. Kumbe haikuwamo.

Kisha kitu kikanijia, na hasira zikanijaa mpaka masikioni. Kama hana jina, basi anayeogopa jina kutafutwa ni nani, kama si yeye?

"Yale maneno ya dukani," nikasema. "Kwamba Yuranis ameuza."

Akajipangusa mikono kwenye suruali. Alijipangusa sana.

"Niliyasema mimi."

Alidhani mtoto ataogopa, atautoa wimbo mwenyewe, na hapatakuwa na mtu wa kuja kuuliza jina. Ndivyo alivyopanga, mtu mzima na mvi zake. Nikamwambia watu wanamgeuzia mwanangu mgongo pale dukani. Akasema anajua. Nikamwambia ni damu yako, Wilfrido, ulimfundisha wewe kushika baiskeli. Akasema anajua, Mira, anajua.

Nikamwambia basi aje nyumbani sasa hivi aseme ukweli. Tamasha lina mwanasheria, mwanasheria atapata njia, hata ya kuandika kwamba mwenye santuri ni mjinga. Hapo akaegemeza kiganja chake kwenye kabati, kwenye mbawa za yule kipanga aliyechorwa.

"Wakijua," akasema, "huyu ni kabati lenye nyaya tu. Na mimi ni mwenye kabati."

Akanitaka niape kunyamaza. Sikuapa na sikukataa. Nilimwachia soseji, nikaondoka na siri ambayo sikuiomba, na njia nzima watu wananisalimu, vipi Doña Edelmira, umeshikilia tumbo, unaumwa?

Ijumaa asubuhi niliamka nimeamua kumwambia Yuranis. Nikaamua tena nisimwambie. Nikampa kahawa. Alikuwa amefungua ukurasa wa tamasha kujitesa, maana filamu za wenzake zilikuwa na rangi na yake ya kijivu, na juu yake imeandikwa haipatikani. Chini palibaki kile kionjo, filamu ya nusu dakika ya kuwavutia watazamaji, iliyowekwa tangu wiki iliyopita, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Kipanga anapiga, Wilfrido anapaza sauti.

Na chini ya kionjo, ujumbe mmoja. Yuranis aliusoma kimya. Kisha akaniita nisome naye, kwa sababu hakuyaamini macho yake.

"Mimi ni Riziki Sumaili, wa Kalemie, Kongo. Nina podikasti kwenye tamasha hili hili. Anayeimba kwenye kionjo chenu ni baba yangu. Ni nani huyo mwanaume anayempigia kelele juu yake?"

Nilikaa kitandani. Yuranis alikuwa ameshapiga simu.

Ule mji sikuwahi kuusikia, lakini yule dada alizungumza Kihispania cha Havana, alikosomea, anameza herufi zile zile tunazomeza sisi. Ana podikasti anayowarekodi wanamuziki wazee wa mji wao kabla hawajatutoka. Baba yake, alisema, yuko hai, amekaa hapo kando, anasikia vizuri kuliko yeye. Akageuza kamera.

Mzee alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Alikuwa na simu sikioni, anasikiliza kionjo tena na tena. Akasema maneno, Riziki akatafsiri: aliurekodi wimbo huu kijana, nakala yake ilipotea vitani, na alidhani duniani amebaki nao yeye peke yake kichwani. Yuranis akamwambia kwamba kuna mtaa unaucheza kila Jumapili. Mzee akauliza, mtaa gani? Akaambiwa. Akauliza wanaucheza vipi, wawili wawili au kila mtu peke yake?

Constanza akaingia kwenye mazungumzo, sweta lile lile, anahema. Akasema mwenyewe akiruhusu mbele ya kamera na wimbo ukatajwa jina, mwanasheria hana neno, filamu inafunguliwa saa sita. Akamwonesha mzee ile sehemu yote. Tuliona macho yake yakimtazama Wilfrido ameshika kabati analia.

Sijui habari zilitokaje. Kabla hajamaliza kutazama, Don Eder alikuwa dirishani kwangu na aproni yake, duka ameliacha wazi. Doña Nubis nyuma yake. Nyuma ya Nubis, mtaa.

Mzee akanong'ona na bintiye. Riziki akatabasamu.

"Baba anaruhusu," akasema. "Hataki kitu. Ila anasema mtu anayeulilia wimbo hivyo, anaujua. Anataka asikie jina lake kutoka kwa mtu huyo. Akilitaja tu, anatoa ruhusa hapa hapa."

Yuranis akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akanikumbatia. "Mama, tumepona. Mjomba analijua tangu sijazaliwa."

Dirishani walipiga makofi. Mtu alishakimbia kumwita.

Nikamwambia Riziki, labda wewe ututajie, mwanangu, kaka yangu ana mafua. Akasema analijua lakini baba amemkataza. Nikamwambia Constanza saa inakimbia. Akasema ndiyo, Doña Edelmira, ndiyo maana tumwite haraka. Nikatafuta neno lingine, lakini neno lililobaki lilikuwa lile la kibandani, na mtaa mzima ulikuwa na masikio ndani ya nyumba yangu.

Wilfrido akafika. Kavaa shati la Jumapili. Watu wakampisha, wakampiga mabegani, Don Eder akamwambia leo ndiyo leo, mkubwa. Alikuwa hajaambiwa anakuja kutaja nini, alijua tu kwamba mwimbaji amepatikana. Yuranis akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwelekeza: mjomba, huyu ndiye. Mwambie tu jina la wimbo wake. Basi.

Mzee wa Kalemie akaweka simu chini. Akakisogelea kioo, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuletewa mtoto wake.

Nyie kina mama wenye watoto wa kamera, na nyie wenye kaka, yaepukeni haya:

Usimwache mtoto apeleke filamu kwenye tamasha kabla hajajua majina ya nyimbo zote zilizomo. Tamasha litauliza, na litauliza mwishoni.

Usitume filamu alasiri ya joto. Tuma alfajiri, majirani wamelala.

Usimwambie jirani mwisho wa tamthilia yake unapohitaji mtandao wake.

Usiamini maneno ya dukani, wala usiyakatae, kabla hujawauliza wa nyumbani kwako.

Usifute jina la mtu mwingine. Ukishindwa kujizuia, lishike kwanza.

Usiende kwa kaka yako na soseji kumtoa siri kama huna pa kuiweka.

Na siku ya mambo hayo, usisimame nyuma ya kompyuta, mahali ambapo macho yake yakiinuka yatakutana na yako. Mimi nilisimama hapo. Wilfrido alinitazama, akatazama dirishani kwa watu wake wote, akamtazama yule mzee. Akafungua mdomo, na kwa sauti yake ile ya Jumapili, bila kusita hata kidogo, akataja jina.